Ubao Mama Kwanza

Usiku mmoja wa Machi 2024 nilikuwa nimeketi sakafuni katika chumba changu hapa Kasuku, na mbele yangu kulikuwa na kompyuta iliyokuwa inapumua lakini haisemi. Feni zilizunguka. Taa ndogo kwenye pembe ya ubao iliwaka nyekundu. Skrini ilibaki nyeusi. Nilizima, nikawasha. Nilichomoa kijiti cha RAM, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha. Nilibadilisha waya wa skrini. Wapi! Nje jirani alipaza sauti, kama tunavyoulizana kila usiku katika mji huu wa Kindu: “Kuko courant?” Nikamjibu kwamba kuko. Umeme ulikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa kitu kingine, na nilikuwa nimekwisha kutumia fedha za mama yangu bila kukijua.

Naandika habari hii kwa wenzangu wa kitivo kwa sababu kila mwaka, tasnifu zinapokaribia, tunaulizana swali lile lile: ninunue mashine gani? Mimi nililijibu vibaya mara ya kwanza. Kosa langu halikuwa la fundi, lilikuwa la mwanafunzi wa lugha aliyesahau somo lake mwenyewe.

Mashine yangu ya awali ilikuwa kompyuta ndogo ya mkononi niliyoachiwa na binamu. Ndani yake mlikuwa na kazi ya miaka miwili. Wenyeji mnajua jinsi Lualaba unavyoukata mji wetu: Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, Alunguli iko ukingo wa kulia, na daraja hakuna. Nilikuwa navuka kwa mitumbwi ya Wagenia, simu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwenda kuwasikiliza akina mama wazee wa Alunguli wakisimulia hadithi. Nilirekodi saa 11 za sauti, nyingine kwa Kikusu, nyingine kwa Kiswahili cha kwetu, nyingi kwa lugha zote mbili zikipishana katika sentensi moja. Wawili kati ya wasimulizi hao wamefariki tangu hapo. Sauti nilikuwa nimezihifadhi kwenye kadi mbili, lakini maandishi yake, kurasa 63 nilizozinakili neno kwa neno, yalikuwa ndani ya mashine ile tu.

Usiku mmoja umeme ulikatika na kurudi mara tatu katika robo saa. Mara ya tatu balbu ilitoa mwanga mweupe ambao sikuwahi kuuona, kisha nikasikia harufu. Fundi aliyeifungua kesho yake alinionyesha doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya mchele. Nikamwambia, sawa, toa hicho kilichoungua, weka kingine. Akacheka kwa huruma. Katika mashine za mkononi za bei ya chini, alisema, karibu kila kitu kimelehemiwa juu ya ubao mmoja: prosesa, kumbukumbu, hata hifadhi yenyewe. Kikifa kimoja, unazika vyote. Kurasa zangu 63 zilizikwa humo.

Ndipo nilipoamua kuunda kompyuta ya mezani. Katika kompyuta ya mezani kila kiungo kina jina lake na mahali pake, na kinaweza kutolewa peke yake. Nilimweleza mama yangu hivyo, nikaongeza kwamba mashine hiyo itanilipa kwa kuchapa TFC za wenzangu. Mama anauza mchele na mawese sokoni. Alikuwa ameweka magunia kadhaa akingojea bei ipande. Aliyauza kabla ya wakati, akaniletea dola 410 zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Hakuniuliza kompyuta ni nini. Aliniuliza swali moja: “Ikiungua tena, itanigharimu kiasi gani?” Nikamwambia haitaungua. Hilo halikuwa jibu, na yeye alijua.

Nilianza kuchagua kama wengi wanavyoanza, yaani kwa prosesa. Prosesa ndicho kiungo kinachotajwa watu wanapojisifu, na vitabu vipya vya Kiswahili vimekipa jina zuri, kichakataji. Kinachakata hesabu zote za mashine. Watu husema fulani ana i5, fulani ana i7, kama wanavyotaja vyeo. Sijasikia mtu akijisifu kwa ubao ambao kichakataji hicho kimekaa juu yake. Mafundi wetu wanauita kwa Kifaransa, carte mère, na Kiswahili kimeitafsiri picha hiyo hiyo: ubao mama.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kununua mashine kuukuu ya ofisi, zile zinazokuja kwa makontena kutoka Ulaya na Dubai baada ya makampuni kuzichoka. Ni imara na bei yake ni nafuu. Lakini Yaya wangu, ambaye anatengeneza kompyuta Goma, alinionya kwa simu. Alisema nyingi kati ya hizo zina ubao wa umbo la kiwanda chake na plagi ya umeme ya kiwanda chake. Ubao wa kawaida hupokea umeme kwa plagi kubwa ya pini 24, na sanduku la umeme la kampuni yoyote litaingia. Zile za ofisi mara nyingi zina plagi ya namna yao peke yao. “Likifa sanduku lake la umeme, mdogo wangu, utatafuta ndugu yake Kindu nzima usimpate.”

Njia ya pili ilikuwa Intel ya kizazi cha 12, kilichotoka kati ya mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022. Core i5-12400 ina viini sita na sifa njema. Lakini ubao wake huja kwa namna mbili: kuna ubao wa RAM ya DDR4 na ubao wa DDR5, na prosesa ile ile inakubali kukaa kwenye wowote kati ya hiyo miwili, ilhali kijiti cha DDR4 hakiingii kwenye tundu la DDR5. Tena kuna 12400 na kuna 12400F. Herufi hiyo moja mwishoni maana yake ni kwamba prosesa haina uwezo wa kuchora picha kwenye skrini, lazima ununue kadi ya picha pembeni. Mwenzetu mmoja alifurahia kupata yenye F kwa bei nafuu, kisha akakaa miezi miwili akitafuta kadi.

Njia ya tatu ilikuwa AMD. Ryzen 5 5600G ilitoka 2021. Ina viini sita pia, na herufi G mwishoni ni kinyume cha F ya Intel: inamaanisha kwamba uwezo wa picha umo ndani yake. Inakaa kwenye soketi inayoitwa AM4, iliyodumu tangu 2016, kwa hiyo mbao zake na prosesa zake kuukuu zimeshasambaa duniani, na chache zimefika hata kwetu.

Jambo lililoamua lilikuwa umeme. Chumba changu kina betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, inayochajiwa na paneli ya jua. Kwenye karatasi hizo ni wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi ukiifyonza zaidi ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo nina 600 za kutumia. Kompyuta ya aina hii, ikiwa inachapa maandishi na kucheza sauti tu, pamoja na skrini ndogo, hula kama wati 60. Gawanya, kisha toa kile kinachopotea kwenye inverta: unapata kama saa nane. Prosesa kubwa ya wati 125, pamoja na kadi ya picha inayokula kiasi hicho au zaidi, ikiachiwa kukimbia kwa nguvu zake zote ingemaliza betri yangu ndani ya saa mbili. Ile 5600G imeandikwa wati 65, na mtengenezaji ameruhusu ishushwe hadi 45. Ni vema kujua kwamba namba hiyo ni kipimo cha joto ambalo kipozeo kinapaswa kuliondoa, si ahadi ya matumizi. Ile i5-12400 nayo imeandikwa 65, lakini ikikimbizwa inaruhusiwa kufika 117. Hata hivyo, kwa mtu mwenye betri moja, namba hiyo inafaa kusomwa kabla ya namba ya kasi.

Hadi hapo nilikuwa sijakosea. Nilimtumia Yaya fedha, akaninunulia 5600G kwa dola 150 na kuileta kwa ndege, imelazwa katikati ya nguo za abiria mmoja. Alitaka aniletee na ubao wa dola 80. Nikakataa. Hapa mjini nilikuwa nimeona kwa mfanyabiashara mmoja ubao wa B450, wa AM4, kwa dola 45. Ulikuwa mpya, ndani ya boksi lake, boksi lenye vumbi. Nilikuwa tayari nimenunua RAM, diski, sanduku la umeme na kava, na kilichobaki kilikuwa kidogo. Nikajiambia: soketi ni AM4, prosesa ni AM4, kuna haja gani ya kulipa 35 zaidi? Kwa maneno mengine, nilimnunulia mtoto nguo za sikukuu, kisha mama nikamnunulia kwa chenji.

Ndiyo maana usiku ule wa Machi skrini ilikuwa nyeusi.

Nilimpigia Yaya. Hakuuliza kuhusu waya wala RAM. Aliuliza: “Kwenye boksi kuna karatasi iliyobandikwa, imeandikwa tayari kwa Ryzen 5000?” Nikaangaza tochi. Haikuwepo. Akakaa kimya kidogo. “Basi ubao wako haumjui mgeni wake.”

Akanieleza, nami nikajionea haya, kwa sababu ni jambo ambalo sisi tunalifundishwa mwaka wa kwanza. Prosesa na ubao lazima vipatane kama jina na kivumishi chake. Tunasema kiti kizuri, hatusemi kiti mzuri. Soketi ni ngeli: AM4 na AM4, upatanisho upo, na mimi niliishia hapo. Lakini juu ya ubao kuna chipu ndogo yenye programu iitwayo BIOS, na ndani ya BIOS mna orodha ya prosesa ambazo ubao unazitambua. Ni kama kamusi. Mbao za B450 zilianza kutoka 2018. Ubao wangu ulitoka kiwandani ukiwa na kamusi ya wakati huo, na 5600G ni neno la 2021. Linafuata ngeli, linatamkika, linaingia vizuri kwenye sentensi, lakini kamusi haina ingizo lake. Ubao ulikuwa unalitazama neno hilo na kunyamaza.

Dawa yake ni kuupa ubao toleo jipya la kamusi. Ila ili ubao uwake na usome toleo jipya, unahitaji prosesa unayoijua tayari. Kuna mbao zenye kitufe maalumu cha kufanya kazi hiyo bila prosesa yoyote. Wangu wa dola 45 haukuwa nacho. Ule wa dola 80 ulikuwa nacho.

Nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kuurudisha ubao Goma kwa ndege na kulipa njia mbili, au kumpata mtu Kindu mwenye Ryzen ya zamani ambaye angekubali kunikopesha kwa saa moja. Nilikumbuka kwamba karibu na pale tunaposhukia Alunguli kuna mzee mwenye kibanda cha kuhariri video za harusi na matanga. Niliwahi kuona nembo ya Ryzen kwenye mashine yake. Nikavuka.

Nilimsalimu, nikamweleza. Alikuwa na Ryzen 3 2200G, ya 2018, ambayo ingefaa kabisa. Lakini aliponisikiliza hadi mwisho alitikisa kichwa. “Binti yangu, hii mashine ndiyo inayonilisha. Unataka niitoe moyo?”

Alikuwa na haki. Prosesa za AM4 zina pini 1,331 upande wa chini, nyembamba kama nywele, na kipozeo hushikamana nayo kwa ile dawa ya kupitisha joto. Ukikivuta kipozeo kikiwa baridi, kinaweza kuing'oa prosesa pamoja nacho na kupinda pini. Pini moja ikivunjika, pengine mashine imekwisha. Sikuwa na neno la kumshawishi. Nilisema, “Nimeelewa, Papa,” nikajiandaa kuondoka.

Ndipo aliponiuliza, wewe si yule msichana aliyekuwa anakuja na simu kuwasikiliza wazee? Nikasema ndiye. Akamtaja mmoja wa wale wawili waliofariki. Alikuwa shangazi yake. Akauliza kwa sauti ya chini kama sauti yake bado ninayo.

Nilikuwa nayo kwenye simu. Nikaitafuta, nikaicheza. Mama yule alikuwa anasimulia jinsi sungura alivyomdanganya mamba amvushe mto, na katikati anakatiza hadithi ili kumfukuza kuku. Mzee alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya kava ya mashine yake. Alicheka pale kwenye kuku. Hadithi ilipokwisha alisema nirudi kesho saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda, na nije na ubao wangu.

Kesho yake nilivuka na ubao ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, umeviringishwa kwenye kitenge, nimeukumbatia mtumbwini kama mtoto. Faili ya BIOS, ndogo isiyofika megabaiti 20, nilikuwa nimeipakua kwa simu usiku, nikaiweka kwenye flashi. Mzee aliiwasha mashine yake kwanza, akaiacha ifanye kazi robo saa ili ile dawa ipate joto na kulainika. Akaizima, akakizungusha kipozeo taratibu kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Prosesa ilibaki kwenye soketi yake. Akainua kile kijiti cha pembeni, akaitoa kwa vidole viwili, akaiweka kwenye ubao wangu.

Skrini ikawaka. Sikushangilia, kwa sababu sehemu ya hatari ndiyo ilikuwa inaanza. BIOS ikiwa inaandikwa upya, umeme haupaswi kukatika hata sekunde moja. Ukikatika katikati, ubao unabaki na nusu kamusi, na mbao nyingi za bei ya chini hazina njia ya kujiokoa hapo. Fikiria kazi ya namna hiyo, Kindu! Mzee alichomoa kila waya wa umeme wa mji na kutuunganisha na betri zake mbili na inverta. Akamtuma kijana wake akasimame mlangoni asiingie mtu na kukanyaga waya. Kwa ubao wangu ilibidi kupita hatua mbili, toleo la katikati kwanza, kisha toleo jipya. Kila hatua ilichukua kama dakika nne. Mstari ulitembea kwenye skrini kutoka asilimia moja hadi mia. Hakuna aliyesema neno. Nilisikia makasia mtoni.

Ilipokwisha, mzee hakunigusia mashine yangu. Alirudisha kwanza prosesa yake mahali pake, akapaka dawa mpya, akawasha. Mashine yake ilipoitikia, alishusha pumzi, na mimi pia. Ndipo tulipoweka 5600G kwenye ubao wangu. Herufi nyeupe zikatokea: jina kamili la prosesa, viini sita, kumbukumbu gigabaiti 16. Nilitaka kumlipa. Alikataa fedha, akaniomba niweke sauti ya shangazi yake kwenye flashi. “Aksanti,” alisema, kana kwamba mimi ndiye niliyemsaidia.

Wiki hiyo mama alikuja kuona kilichonunuliwa kwa mchele wake. Alikuja na mjomba, ambaye ujanani alichimba kasiterite kule Kalima. Nilikuwa nimeacha kava wazi. Mjomba aliinama, akatazama vitone vinavyong'aa ambapo viungo vimeshikwa kwenye ubao. Nikamwambia hiyo ni lehemu, na kwamba lehemu ya siku hizi, tangu Ulaya ilipopiga marufuku risasi kwenye vifaa vya elektroniki mwaka 2006, mara nyingi ni bati zaidi ya asilimia 95, pamoja na fedha na shaba kidogo. Bati hutokana na kasiterite, na karibu nusu ya bati yote duniani huishia kwenye lehemu. Mjomba alikumbuka Septemba 2010, Rais alipositisha uchimbaji katika Maniema na Kivu zote mbili, hadi Machi 2011, na jinsi familia zilivyolala njaa miezi hiyo. “Kumbe kinachotoka kwetu kama mchanga mzito,” alisema, “kazi yake ni kushikanisha.” Hakuna awezaye kusema kama bati la ubao wangu lilitoka Kalima. Lakini sijawahi tena kuuita ubao ule kitu cha kigeni.

Mama aliuliza kwa nini unaitwa mama. Nikamwambia: haufikiri, hauhesabu, hauhifadhi kitu, ila kila kinachofikiri na kuhesabu na kuhifadhi kimekaa juu yake, na umeme wa wengi wao hupitia kwake kabla ya kuwafikia. Akanitazama. “Na ulimnunua kwa bei gani?” Nikamwambia. “Na yule mtoto?” Nikamwambia pia. Hakusema zaidi. Kama ningekuwa na dola 35 zile mfukoni ningezificha.

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Yaya yuko hai. Tunazungumza mtandao unaporuhusu, na hatuzungumzi tena habari za prosesa. Njia iliyoniletea mashine imekatika. Mei mwaka huo umeme ulirudi kwa nguvu kama ule usiku wa kwanza. Harufu ilikuwa ile ile. Niliketi kitandani dakika kadhaa kabla ya kuthubutu kufungua kava.

Lililoungua lilikuwa sanduku la umeme. Lilikuwa limekufa likiwakinga wengine. Ubao ulikuwa na plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo nilihitaji sanduku lolote la kawaida. Nililipata kwa fundi wa hapa hapa Kasuku, limetolewa kwenye mashine iliyokufa kwa sababu nyingine. Niliunganisha, nikawasha, ikaitikia. Kesho yake nilikwenda sokoni kwa mama, nikampa jibu nililokuwa ninadaiwa tangu alipofungua pindo la kitenge. Ikiungua tena, inagharimu dola 15.

Kwa hiyo, mwenzangu unayetaka kuunda mashine, ukiniuliza nitakuambia hivi. Hesabu betri yako kabla ya kusoma kasi ya prosesa. Soma herufi ya mwisho kwenye jina lake. Kisha simama, tenga fedha ya ubao kabla hujamaliza fedha, na uuhoji ubao kama unavyohoji neno: ni wa ngeli gani, unapokea RAM gani, plagi yake inapatikana mjini kwetu, una tundu la skrini kuukuu ulizonazo, na je, kamusi yake inalo jina la mgeni unayemleta? Prosesa nusu ya kasi hiyo ingetosha kuchapa tasnifu zetu zote. Ubao usiofaa hautoshi kwa lolote. Na ujue ni nani mjini mwenye ubao wa jamii hiyo, kwa sababu kuna siku utavuka mto kumwomba.

Kurasa 63 nimeziandika upya, na nyingine zimeongezeka. Leo nimefika ukurasa wa 148. Nakala ziko tatu: moja kwenye diski ya mashine, moja kwenye flashi chumbani kwa mama, na moja Alunguli, katika kibanda cha video, pamoja na sauti ya mama mmoja anayekatiza hadithi ya sungura na mamba ili kumfukuza kuku.